Kilichokuwa Ndani ya Pai Zangu

Voi, Jumapili, Oktoba 1955

Jua leo halina huruma. Upepo unatoka upande wa mashamba ya katani na kutuletea vumbi jekundu mpaka ndani ya mitungi, na mvua za vuli hazijaonyesha dalili yoyote. Nimeswali alasiri, nimeketi barazani. Nyayo zangu zina malengelenge kwa mwendo wa jana. Tanuri uani limelala baridi siku ya tatu. Zuhura, binti yangu, aliniuliza asubuhi kama aniletee kuni. Nikamwambia hapana. Hakuuliza tena.

Nataka kuliandika jambo hili lote leo, kabla sijaanza kujitetea. Najijua. Nikiliacha wiki moja nitakuwa nimeshalipamba, na nikiliacha mwezi nitakuwa mimi ndiye niliyeonewa.

Mimi ni mpishi. Miaka kumi na minane nilipika katika behewa la chakula kwenye treni ya Mombasa na Nairobi, na humo ndimo nilimojifunza kutengeneza pai: unga unaokandwa kwa samli, unatandazwa mwembamba, unajazwa, unafunikwa, unaokwa. Mkono wangu wa kushoto ulipoungua kwa mafuta niliacha kazi, nikarudi hapa Voi kwenye nyumba ya marehemu baba, nikajenga tanuri la matofali. Nikawa naoka pai za mboga, nazifunga kwenye karatasi, nawauzia abiria wanaobadilisha treni ya Taveta. Watu walizipenda. Mke wangu alikuwa amekwisha kufariki, Zuhura ameolewa huko Taveta, na mimi sikuwa na jambo jingine la kuniamsha alfajiri.

Mwaka jana, masika yalipokwisha, Nesi Mkamburi wa zahanati alikuja uani kwangu. Ni mwanamke wa Mghange, kule kwenye milima ya Taita, mfupi, anasema polepole, hacheki ovyo. Alichukua pai moja akaivunja katikati, akaitazama ndani kama mtu anayetazama kidonda.

"Mzee Rashidi, humu umetia nini?"

Nikamwambia: viazi, karoti kidogo, njegere kidogo.

"Na hiki kingine chote ni unga?"

"Ni unga."

"Basi hii ni ya abiria. Abiria wameshakula kwao."

Nilikasirika. Akaketi, akanieleza. Kule milimani watoto wakiachishwa ziwa hupewa uji mtupu wa mahindi, asubuhi mpaka jioni. Wanashiba. Halafu miguu inavimba, nywele zinageuka nyekundu na kunyooka, ngozi inachubuka, mtoto hataki kucheza, anakaa tu akilia kwa sauti ndogo. Mama zao wanawaleta zahanati siku ya Alhamisi, lakini hawawezi kulala hapo, wana watoto wengine na mashamba. Wakipewa maziwa ya unga, nyumbani yanaishia kwenye chai ya wote. Alitaka chakula kimoja kilichofungwa, ambacho mama anaweza kukibeba mpaka vijiji vya juu kama Mbololo na kukigawa vipande kwa siku nne tano, na mtoto akakishika kwa mkono wake mwenyewe.

Alichukua unga, maharagwe na majani ya mchicha kwenye meza yangu, akapanga mafungu matatu juu ya trei. Unga na viazi, alisema, ni kuni. Vinampa mtoto joto na nguvu ya kutembea. Maharagwe, njugu na yai ndiyo matofali, ndivyo vinavyojenga mwili. Mboga za majani na karoti ni za damu na macho. "Mtoto akipewa kuni bila matofali," akasema, "nyumba haisimami."

Nilielewa. Nataka liandikwe kwamba nilielewa vizuri kabisa, tangu siku ile ya kwanza.

Tukaifanyia kazi pai ile wiki tatu. Unga kidogo tu, wa kushikilia. Ndani maharagwe yaliyopondwa mpaka yakawa laini, njugu za kusaga, yai la kuchemsha lililokatwa, mchicha, karoti. Nilizioka mara mbili ili zikauke, na kwenye baridi ya milimani hazikuharibika. Nesi akaagiza muhuri wa mpira kutoka Mombasa. Kila karatasi niliipiga muhuri kwa wino wa zambarau: MAHARAGWE, NJUGU, YAI, MCHICHA, KAROTI. Chini yake: KWA MTOTO MGONJWA PEKE YAKE. Hilo la mwisho lilikuwa la kuwazuia baba za watoto wasizile. Alhamisi Nesi aliwasomea kina mama wasiojua kusoma, neno kwa neno, akiwawekea kidole juu ya herufi.

Na watoto walipona. Si wote, lakini wengi. Kuna msichana aliletwa akiwa amebebwa kama furushi, na baada ya miezi mitatu alinikimbilia langoni kwa miguu yake na kuanza kunichunguza mifuko. Mjini wakaanza kuniita mpishi wa watoto. Msikitini watu walinipisha mbele. Mzee mmoja ambaye hakuwahi kunisalimu alinishika mkono, akaniombea dua. Nilikuwa nikirudi nyumbani siku hizo nikiwa na kifua kimejaa, kama kijana aliyeposa akakubaliwa.

Hapo ndipo palipoharibika, nadhani. Katika kifua hicho.

Mwaka huu masika yalikuwa haba. Mwezi wa Juni kideri kiliingia mjini, kuku wangu wakafa wakipinda shingo, wakabaki wanne. Julai Zuhura akashuka kwenye treni ya Taveta na mtoto mchanga. Alikuwa amepoteza damu nyingi sana wakati wa kujifungua. Midomo yake ilikuwa myeupe, na maziwa hayakutoka. Mkunga akaniambia: mpe mayai, mpe mchuzi wa maharagwe, mpe kila utakachoweza, la sivyo utazika wawili.

Nilianza na mayai.

Wiki ya kwanza niliweka yai moja mahali pa matano. Wiki ya pili sikuweka. Nilijiambia ni kwa muda, mpaka Zuhura asimame. Kisha maharagwe yakaadimika dukani. Nikabahatika kupata gunia moja, na nilipoliweka stoo nilijua tayari kwamba halitakwenda zahanati. Pai nikazijaza viazi na muhogo. Njugu nikaziacha. Mchicha wa mtoni ulikauka, nikawa natia majani machache ya viazi vitamu ili kijani kionekane.

Lakini viazi na muhogo ni vyeupe. Mtu akivunja pai ataona.

Kwa hiyo nikatia bizari.

Nimekaa hapa muda mrefu nikitazama sentensi hiyo. Mayai nilimpa binti yangu, na kwa hilo sijui kama kuna baba wa kunihukumu. Maharagwe vilevile. Lakini bizari haikumlisha mtu yeyote. Bizari niliitia ili viazi vifanane na yai. Nilisimama kwenye meza yangu asubuhi, nina akili zangu timamu, nikachota kijiko, nikakoroga, nikatazama rangi, nikaongeza kidogo. Kisha nikafunga karatasi na kupiga muhuri uleule.

Ningeweza kumwendea Nesi. Zahanati haiko mbali, hata chai haipoi kabla sijafika. Ningesema: Nesi, mayai sina, maharagwe nimempa mwanangu, tufanyeje? Angepata njia. Angewaambia kina mama watafute kunde, watafute dagaa, angeandika barua kwa wakubwa wake. Sikwenda kwa sababu sikutaka kusikia mtu mwingine akiitwa mpishi wa watoto.

Hivyo tu.

Mwanzoni mwa Septemba, siku ya Alhamisi, mama mmoja wa Mbololo alinisimamisha nje ya zahanati. Nilikuwa namjua kwa sura. Mama Mwadime, mwembamba, mrefu, ana pengo mbele. Alimgeuza mtoto mgongoni ili nimwone. Mwadime alikuwa na miaka miwili kasoro. Mashavu yake yalikuwa yamejaa, yanang'aa.

"Baba, tazama," akaniambia, "amenenepa kwa mkate yako."

Kina mama wa kule waliiita pai mkate. Alikuwa na furaha mpaka anaona haya. Nikamshika mtoto mguu ili nimchezee, na kidole gumba changu kikazama. Nilipokiondoa, alama ilibaki pale kama kwenye donge la unga. Yalikuwa maji. Mashavu yale pia yalikuwa maji. Nesi alikuwa amenifundisha kuitambua hali hiyo.

Nikamwambia mama, "Mashallah."

Nikaenda zangu.

Sasa Alhamisi hii iliyopita. Nilioka kama kawaida, nikabeba kikapu, nikafika zahanati saa nne. Mama Mwadime alikuwa ameketi kivulini, amenipa mgongo, miguu ameinyoosha, mgongoni hana kitu. Nilimwona mgongo kabla ya uso. Akasimama kwa heshima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mwadime yuko wapi?"

"Tulimzika Jumatatu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeshasema mara nyingi mpaka maneno yameisha makali. Kisha akafungua kanga aliyojitanda akatoa vifurushi viwili. Karatasi zangu, nyuzi zangu za katani, wino wangu wa zambarau. Havikuwa vimefunguliwa.

"Hizi ilibaki. Nimeona nisitupe. Kuna mtoto mwingine atakula."

Nesi Mkamburi alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Sijui kitu gani kilinisukuma kuuliza swali la kipumbavu, lakini nilimuuliza kwa nini hakula mwenyewe, maana alionekana hajala siku nyingi.

Akanitazama kwa mshangao. "Si imeandikwa ni ya mtoto mgonjwa peke yake? Nesi alitusomea. Mimi sijaonja hata siku moja. Hata hawa wakubwa sijawapa." Akavigeuza vile vifurushi mikononi. "Kunde nilikuwa nayo, si nyingi. Nikawapa hao wakubwa. Yeye sikumpa, kwa sababu yeye alikuwa na yako."

Naandika maneno hayo jinsi alivyoyasema.

Mpaka dakika ile nilikuwa nimejiwekea hesabu yangu moyoni: kwamba sikumpa mtoto wa watu kitu, lakini pia sikumnyang'anya. Kumbe nilimnyang'anya. Kama nisingempelekea chochote, mama yake angempondea kunde. Karatasi yangu ndiyo iliyomwambia asimpe.

Nesi alikichukua kifurushi kimoja mkononi mwake, akakifungua, akaivunja pai. Akainusa. Halafu akaniangalia, akaniita ndani, akafunga mlango.

"Maharagwe yako wapi, Mzee Rashidi?"

Nilimweleza yote. Nilitegemea atapiga kelele. Alivua kofia yake nyeupe, akaiweka juu ya meza, akaketi, akawa anaitazama ile pai iliyovunjika. Akasema miezi miwili, tangu watoto walipoacha kupona, alikuwa akijilaumu. Alidhani anawapimia vibaya. Alikuwa ameandika barua kuomba nesi mwingine aje aangalie makosa yake.

Nikamuuliza, "Ni mimi niliyemuua?"

"Sijui," akasema. "Alikuja mgonjwa sana. Pengine angekufa hata angekula mayai kumi. Pengine angepona. Mimi sitajua, na wewe hutajua, na usiniulize tena, kwa sababu unaniuliza ili nikupunguzie." Kisha akafungua daftari. "Wako kumi na mmoja wengine wanaokula hizi pai. Nao wataambiwa. Lakini huyu yuko hapo nje. Nenda kwanza kwake."

Nilimwomba aniambie niseme nini. Akafungua mlango.

Mama Mwadime alikuwa ameketi tena palepale. Niliketi chini mbele yake, udongoni, kwa sababu sikuweza kusema nikiwa nimesimama. Nikamwambia kwamba ndani ya mikate ile, tangu Julai, hapakuwa na yai, hapakuwa na njugu, na kwa wiki nyingi hapakuwa na maharagwe. Kwamba vilikuwa viazi na muhogo. Kwamba rangi ile ilikuwa ya bizari. Kwamba binti yangu alikuwa mgonjwa.

Hakulia. Alinisikiliza huku ananitazama mdomo, kama mtu anayesikiliza lugha asiyoizoea vizuri na hataki kupotewa na neno.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ile siku nimekuonyesha mashavu, ulijua?"

"Nilijua."

Wanawake wengine walikuwa wamegeuka kutazama. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema mama mkwe wake hali chakula anachokipika yeye tangu msiba. Kule nyumbani wanasema mtoto hawezi kupewa chakula cha nesi miezi miwili na bado akafa, ila kama kuna mtu alikuwa akila chakula chake. Wanasema ni yeye. Mumewe hajasema lolote, lakini hajamkanya mama yake.

"Utakuja," akaniambia. "Utasema mbele yao."

Halikuwa ombi. Nikamwambia nitakuja.

Ijumaa sikwenda.

Naandika na hilo. Nilisema ni siku ya sala. Sala ilikwisha mchana, na lori la kwenda upande wa Mbololo lilikuwepo sokoni, na mimi nilikaa nyumbani nikipanga vyombo ambavyo vilikuwa vimepangika. Niliogopa kupigwa. Niliogopa polisi. Niliogopa zaidi kwamba nitafika, nitaketi mbele ya watu wale na kuanza kueleza habari za kuku wangu.

Jioni ile ndipo nilipomwambia Zuhura. Alikuwa anamnyonyesha mtoto. Maziwa yake yamerudi, mtoto amekuwa mzito, analia kwa nguvu. Nilitaka asikie kwangu kabla hajasikia kisimani. Aliposikia alimtoa mtoto kifuani, akamlaza kitandani taratibu, akajifunga kanga.

"Kwa nini hukuniambia, baba? Ningekunywa uji."

"Mkunga alisema utakufa."

"Ungeniambia. Ningejua ninachokula ni cha nani." Akamfunika mtoto miguu, halafu akasema, "Umenilisha kitu ambacho siwezi kukitapika."

Sijapata kusikia maneno yanayouma kama hayo kutoka kwa mtu ninayempenda. Na baada ya kuyasema alimchukua tena mwanawe, akamnyonyesha, kwa sababu mtoto alikuwa na njaa, na mtoto hana kosa.

Jana asubuhi nilipanda lori mpaka chini ya mlima, kisha nikatembea. Njia ni ya kupanda, mawe matupu. Mahindi ya mwaka huu yamekauka yakiwa kimo cha goti. Niliulizia nyumba ya Mama Mwadime kwa watu watatu, na wote watatu walinionyesha bila kuniuliza nina shughuli gani. Walidhani nakwenda kutoa rambirambi.

Mumewe alikuwa nje akinoa panga. Anafanya kazi kwenye shamba la katani, alikuwa amepewa ruhusa ya msiba. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni, bibi mkongwe, shingo imenyooka. Wakanikaribisha, wakaniletea kigoda na maji. Nilisema sitakunywa mpaka niseme kilichonileta. Mama Mwadime alitoka jikoni, akasimama kando, mikono imelowa. Hakunisalimu.

Nikasema. Safari hii nilianza na bizari. Habari ya Zuhura sikuitaja kabisa. Njiani nilikuwa nimeapa kwamba sitaitaja, kwa sababu kila nikiitaja mtu ananitazama kwa upole kidogo, na mimi naunywa upole huo kama maji. Nikasema: mke wako hakula chakula cha mtoto. Alimpa mtoto chote, kwa uaminifu, na chakula chenyewe kilikuwa cha uongo. Mimi ndiye niliyekitengeneza.

Bibi hakusikia vizuri, au hakutaka kusikia. Mwanawe akamtafsiria kwa Kidawida, lugha yao ya milimani, pole pole, akisimama katikati ya maneno. Nilimwona akifika kwenye sehemu ya bizari, kwa sababu bibi aliuliza kitu, naye akasugua vidole viwili hivi, kama mtu anayeonyesha unga wa rangi.

Kisha akanigeukia. Panga bado lilikuwa mkononi mwake, lakini nadhani alikuwa amelisahau.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sema tena. Sema yeye hakula."

Nikasema tena.

"Tena."

Nikasema mara ya tatu. Majirani wawili walikuwa wamesimama kwenye ua wa minyaa, na nikaelewa kwamba alitaka wasikie. Alipoona wamesikia, akaelekeza panga kwenye njia niliyojia.

"Basi shuka."

Sikuomba msamaha. Nilikuwa nimebeba maneno ya kuomba msamaha tangu Voi, nimeyapanga vizuri, na pale nikaona yangekuwa mzigo mwingine ninaowatwika wao. Nikasimama. Nilipokuwa natoka nilimsikia bibi akimwita mkwewe kwa jina lake. Sijui Kidawida vya kutosha, lakini nilielewa alimwambia aingie ndani, jua ni kali. Mama Mwadime hakuingia mara moja. Alibaki amesimama na mikono yake iliyolowa, akitazama mahali nilipokuwa nimeketi, si mimi. Halafu akaingia.

Nilishuka mlima na kiu.

Niliporudi, Zuhura alikuwa amelitoa gunia stoo. Lilikuwa limebaki chini ya nusu. Ameketi chini, mtoto amelala pembeni, anagawa maharagwe kwenye vipande vya kitambaa, mafungu kumi na moja, anapima kwa kikombe, anarudisha, anapima tena ili yalingane. Nikaketi upande wa pili nikawa nafunga. Nesi alikuwa amenipa karatasi yenye majina ya watoto na mahali wanapokaa, kwa mwandiko wake mdogo. Amesema zahanati haitapokea tena pai, zangu wala za mtu mwingine. Alhamisi atawafundisha kina mama kuponda kunde na maharagwe wao wenyewe, kwa macho yao, kwenye sufuria zao. Amesema watu hawatakiwi tena kuamini karatasi.

Sijui kama nitashtakiwa. Nesi amesema ataandika alichokiona, na wakubwa wataamua. Sikumsihi asiandike. Msikitini leo adhuhuri hakuna aliyenipisha mbele, na hakuna aliyenifukuza. Nilisimama safu ya nyuma, mahali nilipokuwa nikisimama zamani.

Je, ningefanya nini siku ile ambayo midomo ya Zuhura ilikuwa myeupe? Nimejiuliza njia nzima ya kushuka. Yai lile ningempa yeye. Hata leo ningempa. Lakini muhuri nisingeupiga. Natumaini nisingeupiga. Hapo ndipo ninapofika, kisha sina uhakika na mimi mwenyewe.

Kesho nakwenda nyumba ya pili. Karatasi inasema ni mtoto wa kike, anaitwa Wakio, ana mwaka mmoja na miezi saba, nyumba yao iko ng'ambo ya mto, karibu na kisima. Jina la mama halikuandikwa. Wakio bado yu hai. Inafaa niondoke kabla jua halijachomoza, nifike na fungu lake la maharagwe kabla hajapewa kipande chochote cha pai kilichobaki.